Kona ya Mwalimu: Miguu inayowaka moto

Jirani yangu, mama mwenye kisukari, jioni moja alikaa karibu na moto. Mguu ukaungua, hakusikia kitu. Aligundua asubuhi, akaona malengelenge.

Ukisikia ganzi, sindano au moto nyayoni, hasa usiku, usiseme umerogwa. Mara nyingi ni mishipa ya fahamu imeumia. Kisukari kinaleta, waragi pia, hata dawa ya TB iitwayo isoniazidi. Lakini usiache dawa! Mwambie daktari, kuna vitamini B6 ya kusaidia.

Nyumbani tufanye nini? Tembea kila siku, pole pole: sukari inashuka, na wengine maumivu yanapungua. Mwenye kidonda apumzishe mguu kwanza. Usitembee bila viatu. Pima maji ya moto kwa kiwiko, si kwa mguu. Kila jioni kagua nyayo. Kama huoni vizuri, mtoto akuangalie. Pombe iache.

Ukiona kidonda, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wakishindwa watakutuma Koboko au Arua.

Jirani yangu kidonda kimepona. Ganzi bado ipo, ila kila asubuhi anatembea mpaka shuleni, na viatu. Tuonane mwezi ujao.