Ufunguo wa kabati la mofini

KIBARAZANI, na Rukia Mwinchande

"Mwambieni dokta anichome sindano niondoke zangu."

Aliyasema hayo shangazi yangu Jumanne, mbele ya ndugu kumi na mmoja tuliozunguka kitanda chake hospitalini. Saratani ya shingo ya kizazi imeshaingia kwenye mifupa ya nyonga. Hata shuka likimgusa anapiga yowe.

Astaghfirullahi zikamiminika. Baba mdogo akamkemea asikufuru. Mwingine akasema hayo ni mambo ya Wazungu, wanaosaidiana kufa kwa karatasi na mihuri. Dakika ishirini nzima tukaipima imani ya mgonjwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza: shangazi, panauma wapi, na toka lini?

Nilikasirika, na mpaka leo hasira haijaniisha. Mama yule alikuwa anaomba uchungu ukome. Kifo alikitaja kwa sababu kila kitu kingine alishakiomba akanyimwa.

Nikamfuata sista wa zamu. Mkononi alikuwa na panado. Panado, kwa saratani ya mifupa! Mofini ipo, akanijibu kwa upole, ila kabati lina kufuli, ufunguo anao mfamasia, mfamasia ameshatoka, na daktari wa kusaini yuko chumba cha upasuaji. Simlaumu binti wa watu. Nawalaumu waliopanga kwamba maumivu yasubiri saa za kazi.

Hao Wazungu tunaowasema, kule Oregon, Marekani, sheria yao ya kumsaidia mgonjwa afe ilianza kutumika 1997. Madaktari wawili wathibitishe kuwa mgonjwa amebakiwa na miezi sita au pungufu, akili yake iwe timamu, na dawa ainywe mwenyewe. Wengi wanaoiomba hutaja kwanza kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao. Maumivu huja nyuma. Wasomaji wa kibaraza hiki mnajua kuwa sheria ya namna hiyo siitaki kwetu, na wodi ile imenizidishia sababu: mahali ambapo mofini imefungiwa, kumruhusu mtu achague kufa ni kumsukuma. Lakini basi tusijisifu kuwa sisi tunathamini uhai, huku tumekaa na chupa za soda tunamtazama mtu akiteseka.

Tena hatuhitaji kufika Oregon. Hapo Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mofini yao ni unga uliokorogwa kwa maji na kutiwa rangi, ya kijani ndiyo hafifu, ya bluu ndiyo kali, na mgonjwa anainywea nyumbani kwake. Tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Hakuna mtambo wa mabilioni hapo.

Ya shangazi ilipatikana Jumatano alasiri. Baba mdogo akanivuta pembeni, macho yamemtoka: "Mwanangu, hiyo si ndiyo dawa ya kumalizia?" Nikamwambia hapana, baba, tulia uone.

Magharibi shangazi aliomba uji. Akaunywa nusu kikombe, kisha akauliza kuku wake wanalishwa na nani. Kifo hajakitaja tena.

Naandika haya Ijumaa mchana. Chupa yake itaisha kesho, na dirisha la dawa litafungwa jioni hii mpaka Jumatatu. Ndugu mfamasia, nakuomba, usiondoke na ufunguo.