Saa Haiogelei

Wacha niseme mapema, ili anayetaka kukasirika aanze sasa: kijana wa Nairobi anayeingia kwenye triathloni hahitaji saa ya shilingi laki moja. Anahitaji kujua kuogelea. Na sisi tulio ndani ya mchezo huu, kila anapotuuliza "ninunue saa gani?" tukamtajia ile ya bei kali kuliko zote dukani, tunamfungia mlango huku tunajifanya tunamkaribisha.

Mimi ni mwandishi wa vibarua. Baiskeli yangu ni ya mitumba, viatu pia, na saa yangu ilishavaliwa na mtu mwingine kabla yangu. Swali la saa naulizwa mara nyingi kuliko swali lolote kuhusu pumzi, miguu au maji. Hilo peke yake linanionyesha kuna kitu tumekipindua.

Tuanze na hesabu. Saa za juu za michezo zinauzwa zaidi ya dola 700 za Marekani. Badilisha kwa shilingi, weka ushuru, weka faida ya muuzaji, utafika laki moja bila kutoa jasho. Mimi niliacha chuo kikuu nikidaiwa karo isiyofika hapo. Kwa hiyo mtu akiniambia ati "jikaze tu, utaitumia miaka mingi," huwa namwangalia bila kusema kitu. Nijikaze na nini? Wapo wanaojikaza na mkopo wa simu, na deni linaisha kabla hawajaweza kuvuka bwawa mara mbili bila kushika ukuta.

Sasa tuuliza mchezo wenyewe unadai nini. Triathloni fupi ya kuanzia ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Ile ndefu, Ironman, ni kilomita 3.8 majini, 180 kwenye baiskeli na 42.2 kwa miguu, na kwa kawaida mshiriki hupewa saa 17 kumaliza. Mwaka 2011 Garmin walitangaza Forerunner 910XT: betri ya hadi saa 20, GPS, inahesabu mizunguko ya bwawa, inasoma moyo kupitia mkanda wa kifuani, na inahama kutoka maji hadi baiskeli hadi mbio kwa kubonyeza kitufe. Yaani zaidi ya miaka kumi iliyopita kazi yote ilikuwa imeshafanywa. Umbali wa mashindano haujaongezeka tangu hapo. Kilichoongezeka ni rangi za skrini na bei.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi. Nyuma ya saa nyingi za siku hizi kuna taa ya kijani. Inamulika ngozi, damu inanyonya sehemu ya mwanga kila moyo unapopiga, halafu kifaa kinasoma mwanga unaorudi. Melanini, ile rangi iliyojaa kwenye ngozi zetu, nayo inanyonya mwanga wa kijani. Kuna tafiti zilizoona usomaji ukidorora kwenye ngozi nyeusi, na kuna nyingine ambazo hazikuona tofauti ya maana. Sitaongeza chumvi. Nauliza tu: umewahi kumsikia muuzaji yeyote mjini akilitaja?

Halafu weka mtikisiko. Barabara ina mashimo, saa imelegea mkononi, mwanga unavuja. Ukikimbia, taa hiyo wakati mwingine inakamata mdundo wa hatua zako ikidhani ni moyo. Unaona 175, unapunguza mwendo, kumbe ilikuwa inahesabu miguu.

Mkanda wa kifuani hauna shida hizo. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, na umeme huo hauna rangi. Polar ya Ufini walikuwa wanauza vipimo vya moyo visivyo na waya mapema miaka ya 1980, kwa hiyo hii ni teknolojia iliyonizidi umri. Unalowesha zile sehemu zinazogusa ngozi, kwa maji au hata kwa mate, unakaza mkanda chini ya kifua, umemaliza. Basi kigezo changu cha kwanza ni hiki: saa inakubali mkanda? Kama haikubali, rudisha kabatini, hata kama inang'aa namna gani.

Majini ndipo matangazo hudanganya zaidi. Mawimbi yanayotumiwa na mikanda mingi ya sasa hayasafiri ndani ya maji; mikanda ya bei huhifadhi hesabu yake hadi utoke. Mawimbi ya setilaiti pia hayapenyi maji. Saa huyadaka pale mkono unapotoka juu, ndiyo maana ukiogelea mtindo wa chura inaweza kukuchora ukielea juu ya mchanga wa Nyali, katikati ya ngamia na wauza madafu. Bwawani setilaiti haina kazi yoyote: saa inahesabu unavyogeuka ukutani, kisha inazidisha kwa urefu wa bwawa uliouandika wewe mwenyewe. Na bwawa la hoteli lenye umbo la figo, bana, utaliandikia urefu gani?

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa saa mpya zinapokea masafa mawili ya setilaiti, kwa hiyo hazipotei katikati ya maghorofa. Ni kweli, na kwa anayeishi na kukimbia katikati ya maghorofa ni faida. Lakini ni nani anafanya mazoezi ya kasi Tom Mboya saa mbili asubuhi, kati ya matatu na mikokoteni? Ukienda kandokando ya Thika Road alfajiri, anga liko wazi kwa saa ya bei yoyote. Nitaambiwa kuna ramani. Simu yako pia inayo. Nitaambiwa nina wivu. Sawa, wivu upo, lakini wivu wangu hauongezi wala kupunguza usahihi wa taa yako.

Jibu lenye uzito ni lile la makocha: kwamba bila takwimu unafanya mazoezi gizani. Nakubali nusu. Kujua mapigo kunasaidia, hasa kumzuia mwanagenzi asikimbie kila siku kama anafukuzwa na askari wa kanjo. Lakini takwimu ina maana tu ukijua imetoka wapi. Saa nyingi hukupangia viwango vya moyo kwa kanuni ya 220 kutoa umri. Mwenye miaka 26 anapewa 194. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walipendekeza 208 kutoa asilimia 70 ya umri, na huyohuyo anapata kama 190. Hata hiyo ni wastani wa kundi; watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo kumi na zaidi. Panda kutoka Mombasa hadi Iten, mita 2,400 hivi juu ya bahari, na moyo utadunda zaidi kwa mwendo uleule. Kwa hiyo kabla ya kuiamini saa, jaribu kumsimulia mwenzako habari za jana mkikimbia. Sentensi zikitoka nzima, uko kwenye mwendo mwepesi. Zikikatika, umeuacha. Kipimo hicho hakihitaji chaja.

Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.2 kwa 1:59:40 kule Vienna mnamo Oktoba 12, 2019, ameandika mazoezi yake kwa mkono tangu 2003. Ndiyo, yeye pia amewahi kuwa balozi wa kampuni ya saa. Lakini kumbukumbu yake iko daftarini. Julai 2020 wadukuzi walipoishambulia Garmin, wakimbiaji duniani kote walikaa siku kadhaa bila kuweza kupakia mazoezi yao, wengine wakalalamika utadhani miguu yao imefutwa. Daftari la shilingi hamsini halidukuliwi.

Sasa ukiniuliza tena ununue saa gani, nitakujibu kwa mpangilio. Pesa ya kwanza ni ya mwalimu wa kuogelea, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu inayoweza kukuua. Ya pili ni helmeti, na breki zinazoshika. Ya tatu ni miwani ya kuogelea isiyovuja. Ikibaki kitu, tafuta saa iliyotumika, yenye vitufe, kwa sababu skrini ya kugusa haielewani na vidole vilivyolowa, na iliyoandikwa mita 50 za maji. Hakikisha inakuja na chaja yake, maana za aina nyingine hazitaingia. Mwambie muuzaji aijaze, uiwashe GPS kwa saa nzima mkiwa pamoja. Ikishuka asilimia 15, una kama saa sita, na triathloni fupi haifiki huko. Hakikisha ametoa akaunti yake. Mkanda nunua mpya. Ikikosekana pesa hata ya hiyo, simu mfukoni itakupimia barabara, na saa ya plastiki yenye kipima muda itakupimia bwawa.

Na nyinyi wenye vilabu, mnaoweka picha za mikono mitano yenye saa tano zinazofanana mkiandika karibuni nyote: hapa mjini bwawa ni la hoteli, la shule ya kulipiwa au la klabu yenye mlinzi langoni, ukiacha machache ya umma kama la Kasarani. Msitupe majina ya saa. Tupeni jina la bwawa ambalo kijana wa Kayole anaweza kuingia Jumamosi, kwa bei gani, na nani atamfundisha. Mkishindwa kulijibu hilo, msituambie mchezo huu uko wazi kwa kila mtu.