Kitanda usichokilalia

Ukiiacha Athi River nyuma kwa barabara ya Mombasa, majabali ya Lukenya hujitokeza mbele yako. Huko makampuni ya Nairobi hupenda kuwapeleka wafanyakazi wao kuvuta kamba, kuparamia miamba na, jioni ikifika, kubuni biashara mpya.

Majuzi niliandamana na kundi moja la aina hiyo. Kijana wa idara ya mauzo alisimama na wazo lake: wateja wachukue bidhaa sasa, walipe mwisho wa mwezi. Kabla hajaketi, mhasibu akamkata kauli: "Na wasipolipa, nani ataitwa na mkubwa, wewe au mimi?" Watu wakaangua kicheko. Kijana akakunja karatasi yake, asifungue kinywa tena.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana hakujua yanayomkosesha mhasibu usingizi, wala mhasibu hakujua kijana anaambiwa nini na wateja kila siku. Mteja mwenyewe hakuna aliyemtaja.

Hebu tukumbuke M-Pesa ilivyoanza. Nick Hughes na Susie Lonie walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza. Majaribio yalipoanza mwaka wa 2005, nia ilikuwa wakopaji wa shirika la Faulu wapokee na kulipa mikopo kwa simu. Kumbe watu walikuwa na haja zao! Wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wengine wakaziweka kwenye simu kabla ya safari, wakihofia wezi. Kwa upande wake, Faulu ilitatizika kuoanisha mfumo huo na hesabu zake. Wenye wazo wangeweza kushikilia lao. Badala yake walimtazama mtumiaji, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua M-Pesa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Basi, wewe mwenye wazo jipya kazini, keti kwanza na mhasibu umwulize anachohofia. Nawe mhasibu, kabla ya kusema hapana, muulize mwenzio amesikia nini huko nje. Si lazima mkubaliane.

Tuliporudi jijini, kijana yule alikaa peke yake nyuma ya basi. Huenda wazo lake lilikuwa bovu. Hatutajua, maana hakuna aliyemuuliza hata swali moja.