Kosa Moja Lisipimwe kwa Pishi Mbili



Ndugu wapendwa wanaparokia na viongozi wa walei,

Lipo jambo linalosemwa kwa sauti ya chini katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, nalo ni mapenzi kati ya vijana wetu na vijana Waislamu. Tumeona ni wajibu wetu kulisema wazi.

Hapa Ufipa sisi Wakatoliki tu wengi. Wamisionari wa Afrika walifika Karema mwaka 1885, na toka huko Injili ikapanda hadi nyanda zetu. Pamoja nasi wanaishi ndugu zetu Waislamu, mjini Sumbawanga na katika vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Watoto wetu na watoto wao wanaketi dawati moja na kuteka maji bomba moja. Basi si ajabu baadhi yao wakapendana.

Tuchukue mfano. Binti wa kidato cha pili amepata mimba. Kijana aliyempa ni Mkatoliki wa jumuiya ileile. Wazee wa pande mbili wanakutana jioni, faini inatajwa, wanapatana, na shauri limekwisha. Sasa tubadili jambo moja tu: kijana ni Mwislamu. Mara nyumba yote ni kilio. Binti anapigwa, anaachishwa shule, kisha anaozwa upesi kwa mtu mzima asiyemjua, kwa kuwa tu ni "wa dini yetu". Tunauliza: ni nini kilichobadilika katika madhara yaliyompata mtoto huyu? Hakuna. Kilichobadilika ni aibu yetu wazazi. Katika shauri la kwanza tulinyamaza, katika la pili tulipaza sauti. Na katika yote mawili hakuna aliyemtetea mtoto.

Sheria ya nchi haikuuliza dini. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Hivyo anayepatana faini gizani, na anayemwoza binti ili kuficha aibu, wote wawili wanamdhulumu mtoto.

Wala Kanisa halituungi mkono katika haraka hiyo. Ni kweli kwamba Kanuni ya 1086 inahesabu ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa kuwa na kizuizi, ambacho mamlaka ya Kanisa peke yake yaweza kukiondoa. Hatulipuuzi jambo hilo. Kusali pamoja na kulea watoto katika imani ni mambo mazito, nao Waislamu wana masharti yao. Lakini Kanuni ya 1072 inawaagiza wachungaji wawazuie vijana wasiingie katika ndoa kabla ya umri wake, na Kanuni ya 1103 yasema kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa ni batili. Kwa hiyo mzazi anayemlazimisha binti kuolewa na Mkatoliki asidhani ameokoa sakramenti. Wala asidhani kwamba fimbo italinda imani ya mtoto. Mtoto aliyepigwa kwa jina la dini ataikimbia dini hiyo mapema kuliko aliyesikilizwa.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya ndani ya nyumba. Tukumbuke Mbagala, Dar es Salaam, mwezi Oktoba 2012. Ubishi wa watoto wawili, Mkristo na Mwislamu, uliishia kwa Msahafu kunajisiwa, umati kukasirika, na makanisa kuvamiwa na kuchomwa moto. Yalianza kwa watoto, wakubwa wakayakuza. Mbali zaidi, katika mji wa Sarajevo, majirani wa dini mbalimbali walikuwa wakitembeleana siku za sikukuu. Vita ilipokuja, wengi wakatenganishwa. Mwezi Mei 1993 Admira Ismić, Mwislamu, na Boško Brkić, Mserbia, waliopendana tangu ujana, walipigwa risasi darajani wakijaribu kuuhama mji huo. Sisi hatuna vita, na tunamshukuru Mungu. Lakini neno la dharau juu ya jirani, likisemwa mezani mbele ya watoto, ni mbegu, nayo haichagui shamba.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, wazazi waseme na watoto wao mapema, juu ya mwili, masomo na imani, bila kungoja mimba iwe ndiyo inayofungua mazungumzo. Pili, viongozi wa jumuiya wasikae katika kikao chochote cha kupatana faini juu ya mtoto. Shauri lifike ustawi wa jamii na polisi, awe mhusika ni Mkristo au Mwislamu. Tatu, vijana waliokwisha kuwa watu wazima na wanaotaka kuoana wasifukuzwe. Waelezwe ukweli wote, na paroko na shehe wasione haya kuketi pamoja nao.

Wazee wetu husimulia kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kuutupa uchawi. Nasi tuna la kutupa: tabia ya kuwahukumu watoto kwa dini ya waliowapenda. Na tuanzie nyumbani kwetu, sisi tulio wengi.