Propela za kaboni: Tiba ya magari ya kasi, si ya magari ya Ngorongoro

GARI la watalii linalotoka Arusha kwenda Kreta ya Ngorongoro hukutana na safari mbili zenye tabia tofauti ndani ya siku moja. Kutoka Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kisha kupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu, hukimbia juu ya lami iliyojengwa kwa msaada wa Japan mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya lango la Lodoare huanza mwendo wa polepole wa kona na vumbi, na hatimaye mteremko wa takriban mita 600 hadi sakafu ya kreta.

Katika safari zote mbili, kifaa kimoja hakipumziki. Ni propela, yaani bomba refu linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye difu.

Katika magari ya kifahari ya mwendo kasi, bomba hilo limeanza kutengenezwa kwa nyuzi za kaboni badala ya chuma. Nissan ilifanya hivyo katika 350Z ya mwaka 2002. Mercedes-Benz SLS AMG, iliyotoka mwaka 2010, ilikuwa na propela ya kaboni yenye uzito wa kilo 4.7 tu.

Faida zake ni za kweli. Kwanza, wepesi: injini haipotezi nguvu nyingi kuzungusha uzito usio na kazi. Pili, ugumu: kila bomba lina kasi ambayo likiifikia huanza kujipinda na kutetemeka, na kasi hiyo hushuka upesi bomba linaporefushwa. Urefu ukiongezeka mara mbili, kasi hiyo hubaki robo. Kwa kuwa kaboni ni nyepesi na ngumu, kipande kimoja huweza kufanya kazi ya vipande viwili vya chuma.

Tatu, usalama. Propela ya kaboni ikivunjika, aghalabu huchanika nyuzinyuzi, wakati ya chuma huweza kupigapiga sakafu ya gari au kujichomeka ardhini.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa Karatu. Land Cruiser nyingi za utalii hukatwa na kurefushwa katika gereji ili zibebe abiria wengi zaidi. Gari likirefushwa, propela nayo hurefushwa. Kwa haraka, mtu angeweza kudhani kwamba kaboni ndiyo jibu.

Hesabu inaonyesha vinginevyo. Gari la aina hiyo likienda kilomita 80 kwa saa, propela huzunguka takriban mara 2,000 au zaidi kidogo kwa dakika. Gari la michezo lililofikia kilomita 250 huzungusha yake mara kadhaa zaidi ya hapo. Kwa mwendo wa kwenda Karatu, bomba zuri la chuma huwa bado mbali na kasi yake ya hatari.

Mtetemo unaosikika kwenye lami, kwa hiyo, huwa na sababu nyingine: krosi zilizolika kwa kukosa grisi, bomba lililochomelewa likapinda, ncha mbili zisizokaa katika mstari mmoja, au propela iliyorudishwa barabarani bila kusawazishwa. Hakuna kati ya kasoro hizo inayoondolewa na kaboni.

Aidha, kaboni haichomelewi. Ikipasuliwa na jiwe hubadilishwa nzima, jambo ambalo ni gumu mbali na mji. Hata watengenezaji hupima faida na hasara: BMW iliweka propela ya kaboni katika M3 na M4 za mwaka 2014, lakini mwishoni mwa mwaka 2017 ikarudia chuma ili kupata nafasi ya kichujio cha moshi.

Suala hili si la starehe pekee. Dereva anayeshuka kreta kwa gia ndogo huitegemea injini imsaidie kuzuia gari, na nguvu hiyo ya kuzuia hupitia kwenye propela. Ikikatika mteremkoni, mzigo mkubwa huhamia kwenye breki, huku gari likiwa limejaa abiria.

Somo la kuchukuliwa kutoka kwa magari ya kasi, basi, ni nidhamu ya mafundi wake kuliko kaboni yenyewe: kupima, kusawazisha na kukagua kabla ya safari. Pete ya chuma inayofungwa chini ya propela ili isianguke ikikatika, ambayo ni jambo la kawaida katika magari ya mashindano, inaweza kutengenezwa katika gereji yoyote yenye mashine ya kuchomelea.

Mmiliki mwenye fedha za kununua jina la kaboni angefanya vyema kuzielekeza kwanza kwenye grisi, krosi mpya na fundi anayejua kusawazisha.