Unyayo Usiohisi Maumivu

Katika suala la mgonjwa wa kisukari kukagua miguu yake, jambo linalostahili kuongezewa uzito ni kwamba hatari kubwa haianzi na maumivu bali na kukosekana kwake, kwa kuwa sukari iliyozidi katika damu kwa miaka mingi huharibu neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia kwenye ubongo, hata mtu akakanyaga mwiba au kuchubuliwa na kiatu asitambue. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika habari za wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usingizini bila kuamka, na ushahidi huo unatosha kuonyesha kwamba kusubiri maumivu ni kusubiri kisichokuja.

Ukaguzi hufanywa kila siku penye mwanga: nyayo hutazamwa kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani, hasa ikiwa macho ya mgonjwa yamefifia kwa ugonjwa huohuo, na katikati ya vidole hutafutwa mpasuko, lengelenge, unyevu, au joto lisilolingana na la mguu wa pili. Sugu, ile ngozi ngumu inayojengeka chini ya unyayo, isikatwe kwa wembe nyumbani, kwani huweza kuficha kidonda. Kliniki nayo haina budi kumvua mgonjwa viatu na kumgusa nyayo kwa monofilamenti, uzi wa nailoni unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10. Asiyeuhisi amepoteza hisia ya kinga, hata kama anatembea bila kuchechemea.