Saa ya mutumikaji ni ya nani?

Kila mara tukienda kuzungumuza na wakubwa wa kazi, tunaanza na feza: mushahara, posho, dawa. Ni haki yetu. Lakini kuna kitu kingine chenye kinatutoka kila siku na hatukihesabu: saa. Leo tunapenda kuongea juu ya Wajerumani, kwa sababu watu wao wa vitabu na wa picha wamekuwa na woga huu zamani.

Mwaka 1927 Fritz Lang alitoa filme Metropolis. Mwenye kuiona hasahau mwanzo wake: posti inabadilika, watumikaji wanashuka na lifti chini ya udongo, vichwa chini, wote hatua moja. Saa yao haina nambari 12, ina 10 tu, kwa sababu posti ni saa 10. Kisha mutoto wa tajiri anashika nafasi ya mutumikaji mwenye kuchoka, kwenye mashini yenye kufanana na saa. Anasukuma mishale yake na mikono yote miwili mupaka analia. Sisi watu wa shimo, ile picha hatuombi mutu atufasirie.

Mwaka 1973 Michael Ende aliandika Momo, kitabu cha watoto chenye wakubwa pia wangepaswa kusoma. Watu wa rangi ya majivu wanaingia mu muji. Mumoja anamuhesabia kinyozi masekonde ya maisha yake. Saa ya kukaa na mama yake muzee? Hasara, aiweke akiba! Kinyozi anakubali, anaanza kukimbia na kukasirika, na ile akiba haimurudilii. Wale watu wanaivuta kama sigara.

Mutu atasema: ile ni hadisi tu. Hapana. Mwaka 1889 wachimbaji wa makaa ya Ruhr waligoma, wakaomba posti ya saa 8, na saa ya kushuka na kupanda ihesabiwe ndani. Saa 8 kwa siku iliandikwa mu sheria mwisho wa 1918. Na mwaka 1956 sendika zao zilibandika afishi: mutoto anasema siku ya posho baba yake ni wake.

Kwetu, sheria ya kazi ya 2002 inasema saa 45 kwa juma na 9 kwa siku. Lakini tuhesabu kweli: kungojea busi, barabara, mulongo wa kuingia, kushuka, kupanda, tena busi. Baba anatoka mutoto amelala, anarudi mutoto amelala. Wakubwa wanasema ile haiko kazi. Kama haiko kazi, mutu angeitumia vile anapenda. Anaweza?

Na tuseme ukweli: wengi wetu tunaomba saa za ziada sisi wenyewe, juu mushahara hautoshi. Pale ndipo yule mutu wa majivu anapata mulango.

Basi tunaomba wajumbe wetu: mu mazungumuzo yenye kuja, kando ya karatasi ya mushahara muweke karatasi ya saa. Na kila mumoja wetu, kuanzia juma hili, aandike mu kaye: nilitoka nyumbani saa ngapi, nilirudi saa ngapi. Mwezi moja ukiisha, tuzilete zote kwa mujumbe.